Kutia alama ya maji kwenye video ili kugundua iliyochakachuliwa: hatua kwa hatua

Alama ya maji inayozungumzwa hapa si ile nembo inayoelea kwenye kona ya video. Nembo hufutwa au kukatwa na yeyote mwenye programu ya kuhariri. Hii ni alama isiyoonekana kwa macho, iliyofichwa ndani ya mwangaza wa pikseli zenyewe. Video ikikurudia baada ya kupita kwenye mikono ya watu, alama hiyo ndiyo inayokuwezesha kusema kama picha ni zile zile, na kama si zile, kuonesha mahali palipoguswa.

Kuna jambo ambalo haiwezi, na ni vizuri kulijua tangu mwanzo. Alama haithibitishi kwamba tukio lilitokea kweli. Ukirekodi igizo na kulitia alama, alama itashuhudia kwamba igizo halijaguswa, basi. Inalinda kipindi kimoja tu: kuanzia ilipotiwa hadi leo. Ndiyo maana alama inayotiwa ndani ya kamera wakati wa kurekodi ina uzito kuliko inayotiwa ofisini siku kadhaa baadaye.

Utahitaji ffmpeg (programu ya kushughulikia video), openssl (ya funguo na saini), na Python yenye numpy na OpenCV (maktaba za hesabu na picha). Utahitaji pia nafasi ya kutosha kwenye diski, maana tutafanya kazi na video isiyobanwa. Mifano yote hapa ni ya video ya pikseli 1280 kwa 720, fremu 25 kwa sekunde.

Hatua ya 1: Amua unataka alama ya aina gani

Kuna alama sugu, ambayo hubaki hata video ikibanwa, ikipunguzwa ukubwa au ikirekodiwa upya kutoka kwenye skrini. Hiyo ni ya wenye haki miliki: inasema video ni ya nani. Kwa kazi yetu haifai peke yake, kwa sababu ile ile sifa ya kung'ang'ania ndiyo inayoifanya inyamaze mtu anapobadilisha uso wa mhusika.

Kinyume chake ni alama tete, inayovunjika biti moja tu ikibadilika. Inafaa kwenye kumbukumbu zisizotoka nje. Ukiituma video kwenye programu ya ujumbe inayoibana, alama yote inavunjika na hujui kama aliyeivunja ni mhalifu au ni kubanwa tu.

Tunachojenga kiko katikati: nusu-tete. Ivumilie kubanwa kwa kawaida, lakini ivunjike pale tu picha ilipobadilishwa. Ugumu wote wa kazi hii uko kwenye sentensi hiyo, na ndiyo maana hatua ya 5 na ya 8 zinahitaji uangalifu zaidi.

Hatua ya 2: Funga faili la asili kabla hujaligusa

Chukua hashi (namba inayokokotolewa kutoka kwenye faili na kubadilika kabisa hata biti moja ikibadilika) ya faili lilivyotoka kwenye kamera:

`sha256sum asili.mp4`

Kwenye Windows ni `certutil -hashfile asili.mp4 SHA256`, na kwenye Mac ni `shasum -a 256 asili.mp4`. Utapata herufi na tarakimu 64. Usitumie MD5 wala SHA-1 kwa kazi ya ushahidi. SHA-1 ilioneshwa hadharani mwaka 2017 kwamba mafaili mawili tofauti yanaweza kutengenezwa yatoe hashi moja.

Chukua pia hashi ya kila fremu:

`ffmpeg -i asili.mp4 -map 0:v -f framehash -hash sha256 fremu.txt`

Hii inakupa mstari mmoja kwa kila fremu, na hashi inachukuliwa kwenye picha iliyofunguliwa, si kwenye faili. Faida yake ni kwamba mtu akihamisha video kutoka MP4 kwenda MKV bila kuibana upya, hashi ya faili itabadilika lakini za fremu zitabaki vile vile. Unapolinganisha orodha mbili, linganisha safu ya mwisho tu. Safu za muda hubadilika kwa sababu MKV huhesabu muda kwa vipimo tofauti na MP4, na wengi hudhani wamegundua uhalifu kumbe ni hilo.

Kwa video ambayo haitabanwa tena, hatua hii inatosha na alama huihitaji. Nasema hivi kwa sababu watu hukimbilia alama za maji wakati hashi iliyotunzwa vizuri ingemaliza kazi. Alama inakuja pale video inapolazimika kusafiri na kubanwa njiani.

Hatua ya 3: Toa mwangaza

`ffmpeg -i asili.mp4 -f rawvideo -pix_fmt yuv420p asili.yuv`

Kila fremu sasa ina baiti 1,382,400. Baiti 921,600 za kwanza ni mwangaza, pikseli kwa pikseli; zinazobaki ni rangi. Dakika moja itakula takriban gigabaiti 2, kwa hiyo kwa video ndefu ipitishe moja kwa moja kwenye programu yako bila kuihifadhi. Usisome video kwa kuigeuza kuwa nyekundu, kijani na bluu kisha kuirudisha: kila mgeuzo hukadiria namba, na makosa hayo madogo yanakula nafasi ambayo alama yako inaihitaji.

Gawa mwangaza wa kila fremu kuwa miraba ya pikseli 8 kwa 8. Unapata miraba 160 kwa upana na 90 kwa kimo, jumla 14,400. Kila mraba utabeba biti moja.

Hatua ya 4: Tengeneza mkondo wa biti wa siri

Zalisha ufunguo wa siri wa baiti 32 (`openssl rand -hex 32`), na uipe kila video namba yake ya utambulisho isiyorudiwa. Kwa kila fremu, piga HMAC-SHA256 (hashi inayochanganywa na ufunguo wa siri) kwa ufunguo huo juu ya utambulisho wa video pamoja na namba ya fremu. Matokeo yake yawe mbegu ya AES katika hali ya CTR (njia ya usimbaji inayotoa mkondo wa namba zisizotabirika), ikuzalishie namba za fremu nzima. Kila mraba unahitaji vitu vitatu kutoka kwenye mkondo huo: biti ya kubeba, nafasi ya koefishenti itakayoibeba (mojawapo ya namba 64 za mraba utakazoziona hatua ya 5), na namba ya kusogeza kati ya 0 na 40, ambayo matumizi yake utayaona hivi punde.

Usitumie `random` ya Python hapa. Akipata namba za kutosha kutoka kwayo, mtu anaweza kukokotoa zinazofuata.

Namba ya fremu ni lazima iwemo. Pasipo hiyo, mtu anaweza kuchukua kipande cha ukuta mtupu kutoka fremu ya 40, akakibandika juu ya mtu aliyesimama pale pale kwenye fremu ya 900, na alama ikasoma sawa. Utambulisho wa video nao unazuia ujanja huo huo kati ya video mbili za kamera moja.

Hatua ya 5: Tia biti

Pitisha kila mraba kwenye DCT (`cv2.dct`). DCT haiharibu chochote. Inaieleza picha ile ile kwa namba 64 za aina nyingine, kutoka mabadiliko mapana ya mwangaza hadi chembechembe ndogo kabisa. Namba ya kwanza ni wastani wa mraba, usiiguse. Za mwanzo jicho linaziona upesi. Za mwisho ndizo kodeki (programu inayobana na kufungua video) huzitupa kwanza inapobana. Kwa hiyo chagua kama sita za katikati, na ufunguo uamue ni ipi kati ya hizo itumike kwenye mraba upi.

Sasa biti yenyewe. Chagua umbali wa 20 kati ya kizidishi kimoja na kinachofuata; umbali huo ndio nitakaouita hatua hapa. Kanuni ni kwamba koefishenti ikiwa karibu na kizidishi shufwa cha 20 (0, 40, 80) inasoma 0. Ikiwa karibu na kizidishi witiri (20, 60, 100) inasoma 1. Tuseme koefishenti ni 53 na unataka kuandika 1: isogeze hadi 60. Ukitaka kuandika 0, isogeze hadi 40. Wakati wa kusoma, gawa kwa 20, kadiria kwenye namba nzima, tazama kama ni shufwa au witiri. Kodeki ikiishusha 60 ikawa 56, unapata 2.8, inakadiriwa kuwa 3, witiri, biti ni 1. Imepona. Koefishenti inaweza kuyumba hadi 10 upande wowote bila biti kupotea, na hicho ndicho kipimo cha uvumilivu wako.

Lakini kwa kanuni hiyo peke yake, yeyote anayejua hatua ni 20 anaweza kusoma biti zako zote, kisha akaziandika upya juu ya picha ya uongo. Hapo ndipo namba ya kusogeza inapoingia. Kabla ya kugawa, jumlisha namba ya siri ya mraba huo. Ukimaliza kuandika, itoe. Mwenye 53 mkononi bila siri atapata 2.65, atasoma 1. Wewe unayejua kwamba siri ni 34 utapata 87, ukigawa ni 4.35, shufwa, 0. Asiye na ufunguo anaona kelele tupu.

Kwa hesabu hii, picha inabadilika kiasi gani? Kosa la kila koefishenti linasambaa kati ya −20 na 20, yaani ukizidisha kila kosa kwa lenyewe, wastani ni karibu 133. Limegawanyika kwenye pikseli 64, linabaki karibu 2.1 kwa pikseli, na hiyo ni PSNR (kipimo cha ukaribu wa picha na ile ya asili; namba kubwa ni bora) ya takriban desibeli 45. Ukiongeza hatua hadi 40, alama inavumilia kubanwa zaidi lakini unashuka hadi kama 39. Mimi nisingepita 30 kwa video itakayotazamwa na watu kwenye skrini kubwa.

Rudisha DCT, kadiria pikseli, andika nakala kuu kwa kodeki isiyopoteza kitu, kama FFV1:

`ffmpeg -f rawvideo -pix_fmt yuv420p -s 1280x720 -r 25 -i alama.yuv -i asili.mp4 -map 0:v -map 1:a -c:v ffv1 -c:a copy alama.mkv`

Nakala zote za kusambaza zitoke kwenye hii.

Hatua ya 6: Itazame ikiwa inacheza

PSNR hupimwa fremu moja moja, na fremu iliyosimama inaweza kuonekana safi kabisa. Icheze. Angalia anga, kuta nyeupe, ukungu: kwa kuwa biti zinabadilika kila fremu, maeneo bapa yanaweza kuonekana kama yanachemka. Ukiliona hilo, punguza hatua hadi 12 au 14 kwa miraba bapa, ukitumia kipimo cha ubapa ambacho anayesoma alama ataweza kukikokotoa upya baada ya video kubanwa. Wastani wa eneo zima unafaa kuliko mraba mmoja.

Hatua ya 7: Andika hati ya kumbukumbu na uisaini

Alama hii ina upofu wa aina mbili, na anayetaka kukudanganya atapita humo humo.

Wa kwanza ni rangi. Tumetia alama kwenye mwangaza tu. Mtu akigeuza koti jekundu kuwa la bluu kwa mwangaza ule ule, alama haitasema neno. Vilevile akiongeza au kupunguza mwangaza wa eneo zima na kuziacha koefishenti za katikati kama zilivyo. Dawa yake: gawa fremu kuwa maeneo ya pikseli 80 kwa 80, ambayo ni 16 kwa 9, jumla 144. Kwa kila eneo hifadhi wastani wa mwangaza na wa rangi zote mbili. Ni baiti 432 kwa fremu, kama kilobaiti 650 kwa dakika, si mzigo. Kubanwa kwa kawaida huzisogeza wastani hizo kidogo sana, ila kubadilisha rangi ya koti kutaonekana mara moja.

Wa pili ni sauti. Picha zote zinaweza kuwa halali huku maneno yamebadilishwa. Na hapa ndipo ningeweka wasiwasi mwingi kuliko kwenye picha, kwa sababu kughushi sauti ya mtu ni kazi nyepesi kuliko kughushi mwili wake unaotembea. Chukua hashi ya mkondo wa sauti:

`ffmpeg -i asili.mp4 -map 0:a -c copy -f hash -hash sha256 -`

Hashi hiyo itavunjika sauti ikibanwa upya, kwa hiyo tunza pia nakala kamili ya sauti ili msikilizaji aweze kulinganisha.

Weka vyote kwenye hati moja: utambulisho wa video, tarehe na saa ya kutia alama, hashi za hatua ya 2, idadi ya fremu, wastani wa maeneo, hashi ya sauti. Kisha isaini kwa ufunguo wako binafsi, `siri.pem`, ambao si ule wa HMAC:

`openssl dgst -sha256 -sign siri.pem -out hati.sig hati.txt`

Saini ni ya lazima kwa sababu ufunguo wa HMAC ni mmoja kwa kutia na kukagua. Ukimpa mkaguzi, umempa pia uwezo wa kutia alama kwenye video yake mwenyewe. Saini ina funguo mbili: wa umma unaweza kuugawa upendavyo, na hakuna atakayeweza kusaini nao. Kama kuna uwezekano wa mtu kudai kwamba hati iliandikwa baadaye, ipeleke kwenye huduma ya muhuri wa muda ya kiwango cha RFC 3161.

Kamera na programu zinazofuata kiwango cha C2PA, muungano ulioanzishwa mwaka 2021 na Adobe, Arm, BBC, Intel, Microsoft na Truepic, hufanya kitu cha jamii hii: hati iliyosainiwa husafiri ndani ya faili. Kama kifaa chako kina C2PA, kitumie. Shida ni kwamba mitandao mingi hufuta taarifa za ndani ya faili video inapopakiwa, na hapo hati inapotea huku alama ndani ya pikseli ikibaki. Ndiyo sababu ya kutumia vyote viwili. Usiichanganye na SynthID ya Google, iliyotangazwa mwaka 2023: hiyo hutiwa kwenye kazi za akili mnemba ili zitambulike kuwa za akili mnemba, lengo tofauti kabisa.

Hatua ya 8: Kukagua, na kuweka kizingiti

Video imerudi. Irudishe kwanza kwenye pikseli 1280 kwa 720 kama imepunguzwa. Kama imekatwa pembeni, miraba yako haikai tena pale pale. Jaribu mianzo yote 64 ya gridi ya 8 kwa 8 kisha utafute ni wapi fremu ilikatwa, hadi biti zianze kulingana.

Soma biti ya kila mraba, linganisha na ile ambayo ufunguo unasema ilipaswa kuwapo, kisha hesabu kwa eneo. Eneo la 80 kwa 80 lina miraba 100, kwa hiyo hesabu inakuja yenyewe kwa asilimia. Eneo lisiloguswa kwenye video iliyobanwa kwa kiasi litalingana, tuseme, kwa 85 hadi 98. Eneo lililobandikwa picha nyingine halina uhusiano wowote na ufunguo, ni kama kurusha sarafu mara 100: litazunguka 50, na mkengeuko wa 5.

Kizingiti cha 70 kinakaa vizuri kati ya hayo mawili. Eneo la uongo kufikisha 70 kwa bahati tu ni kama mara 4 katika 100,000. Lakini kizingiti hicho ni cha eneo lililobadilishwa lote. Kitu kikikaa mpakani na kufunika nusu tu ya kila eneo, nusu nyingine bado inalingana na jumla inaweza kuwa 71 au 72, ikapenya. Kwa hiyo usihesabu maeneo yaliyopangwa bega kwa bega tu. Telezesha dirisha la 80 kwa 80 kwa pikseli 16 kila mara, ili kitu hicho kiangukie katikati ya dirisha mojawapo.

Kisha tazama wakati. Kelele ya kubanwa hujitokeza fremu hii na kupotea inayofuata, mara nyingi kwenye fremu zile ambazo kodeki huzinyima biti. Uchakachuaji hukaa: kama uso umebadilishwa, utakuwa umebadilishwa fremu baada ya fremu, ukisogea na kichwa. Chora ramani ya maeneo yaliyoshindwa na uicheze kama video. Doa jekundu linalomfuata mtu mmoja halihitaji takwimu nyingi kulieleza.

Hatua ya 9: Fremu zilizokatwa au kupangwa upya

Ukiona fremu nzima iko 50 kila mahali, na zote zinazofuata vilevile, usikimbilie kusema imeghushiwa. Inawezekana namba za fremu zimesogea. Jaribu kuisoma kwa namba za jirani, mbele na nyuma. Kwa mfano, fremu ya 301 inakataa kwa namba yake, lakini ukiisoma kama ya 376 inalingana kwa 91. Zimeondolewa fremu 75, yaani sekunde 3, baada ya sekunde ya 12. Umeshajua kilichofanyika na mahali pake, na hilo ni zaidi ya ambavyo hashi ya faili ingekuambia.

Video iliyogeuzwa kutoka fremu 25 kwenda 30 kwa sekunde itaonesha mpangilio kama huo kwa marudio ya kawaida. Marudio ya kawaida ni kazi ya programu. Pengo moja mara nyingi ni kazi ya mtu.

Hatua ya 10: Ichakachue mwenyewe kwanza

Kabla ya kuutumia mfumo kwenye jambo la kweli, ushambulie. Bana nakala kuu kwa kodeki ya `libx264` yenye `-crf` 18, 23 na 28 (namba ikiwa kubwa, kubanwa ni zaidi), andika asilimia za kila moja, na ujue mpaka wako uko wapi. Kisha futa kitu:

`ffmpeg -i alama.mkv -vf delogo=x=400:y=240:w=160:h=160 -c:v libx264 -crf 20 -c:a copy bandia.mp4`

Kwa vipimo hivyo, maeneo manne hasa ndiyo yanayopaswa kushindwa, wala si mengine. Yakishindwa mawili tu, au yakishindwa na majirani, kuna kosa kwenye mpangilio wa miraba. Jaribu pia kubadilisha rangi, kubadilisha sauti, kurudia fremu moja mara 50, na kurekodi skrini kwa simu. Hilo la mwisho litaiua alama kabisa, na ni sawa: hapo jibu sahihi ni "haiwezi kuthibitishwa".

Jibu hilo lipe nafasi yake kwenye ripoti. Kuna "haijaguswa", kuna "imeguswa hapa, fremu hizi", na kuna "haiwezi kuthibitishwa". Alama iliyokosekana kabisa si ushahidi wa uongo. Huenda video ilibanwa mno, au ilitoka kwenye kamera ambayo haikuwahi kutia alama. Andika kizingiti ulichotumia, asilimia za maeneo yaliyoshindwa, na kiasi ambacho nakala uliyopewa ilikuwa imebanwa, ili mkaguzi mwingine mwenye ufunguo aweze kurudia kazi yako na kupata namba zile zile.